Laptopu ya mtumba, mipangilio ya kioo isiyofunguka, na fundi aliyenituma nikapime macho

"Mama, mashine nzima hii. Nenda kapime macho."

Naanza na maneno hayo kwa sababu ndiyo yaliyonikaa kooni. Niliambiwa hivyo Kariakoo, kwenye duka lililoniuzia laptopu, mbele ya wateja watatu, na kijana ambaye hata uso hakuuinua kwenye simu yake. Nilikuwa nimetoka Morogoro asubuhi kwa treni ya SGR, begi la laptopu nimelipakata kama mtoto, nikapanda bodaboda kutoka stesheni, nikasimama kwenye kaunta yake karibu saa nzima. Jibu likawa hilo.

Miwani ninayo. Nilikuwa nimeivaa.

Jina la duka silitaji. Mwanangu amenisihi nisijitafutie kesi, nami nimemkubalia. Lakini yaliyotokea nayaeleza yote, maana nina hakika si mimi tu niliyeuziwa mashine ya namna hii.

Nina steshenari ndogo. Nachapa barua, mitihani ya shule za jirani, kadi za michango na za mialiko. Kompyuta yangu ya zamani iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, miezi kadhaa iliyopita, nikajikusanya nikanunua laptopu ya mtumba kwa laki nne na themanini. Sifa zake sizielezi, mtu akitaka atazisoma popote. Naongelea kitu kimoja tu: maandishi yake yalikuwa madogo kama chawa. Kioo ni cha inchi 14, lakini kina nukta nyingi, 1920 kwa 1080, na ukubwa wa maandishi ulikuwa umewekwa asilimia 100. Kwenye kioo kikubwa cha mezani hiyo haina shida. Kwenye laptopu, mtu wa umri wangu anakunja uso kutwa nzima.

Dawa yake naijua, nimeitumia miaka. Unabonyeza upande wa kulia wa mausi pale kwenye kioo kitupu, unachagua "Display settings", unapandisha asilimia 100 iwe 125 au 150, basi. Nikabonyeza. Mipangilio ikafunguka ukurasa wa mbele, ule wenye vipicha vya sehemu zote, halafu ikatulia hapo. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikaingia mwenyewe sehemu ya "System", ambako Display huwa ndiyo ya kwanza kabisa juu. Orodha ikaanzia "Sound". Display haipo. Ni kama kurudi nyumba unayoijua ukakuta mlango wa chumba umezibwa kwa matofali na kupakwa chokaa.

Nikapiga simu dukani. Kijana akasema izime uiwashe. Nimeizima, nimeiwasha. Siku ya pili akasema fanya masasisho. Bando langu la wiki likaishia hapo. Siku ya tatu akanipa amri ya kuandika kwenye kile kidirisha cheusi, sfc /scannow, ikahesabu mpaka asilimia 100 na kuniambia haikuona faili lililoharibika. Nilipompa jibu hilo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kadi ya picha imekufa hiyo, ilete." Imekufaje wakati picha naiona, safi, haitetemeki, haina mistari? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akakata simu. Labda salio liliisha, siwezi kuapa.

Kabla sijapata siku ya kwenda Dar nikapokea kazi ya kadi 200 za send-off. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, wala si kwenye nauli. Programu ninayotengenezea kadi inaikuza kadi yenyewe, lakini kile kisanduku cha kuandikia maneno hakikui, kinafuata ukubwa wa kioo. Nikaandika jina la binti anayeagwa, likakosa herufi moja. Kwa mwandiko wa mapambo waliouchagua kosa halionekani upesi. Mama yake ndiye aliyeliona, amesimama kwangu, kadi zote zimeshakatwa na kufungwa. Hakunigombeza. Alipitisha kidole kwenye jina la mwanawe mara mbili, akaniuliza, "Sasa tunafanyaje, dada?"

Nilizichapa zote upya usiku ule, karatasi yangu, wino wangu, mwanangu akinisomea herufi moja moja kwa sauti. Mama yule kadi alizichukua asubuhi na akalipa baki yake. Mpaka leo hajarudi dukani kwangu, na kamati ile ilikuwa na harusi nyingine mbili mbele.

Sasa mtu niliyebeba jambo kama hilo kifuani nafika Kariakoo, na kijana anafungua laptopu, anaitazama sekunde chache, anasema, "Mbona mimi naona?" Nikamwonyesha: bonyeza hapa, tazama. Mipangilio ikafunguka ukurasa wa mbele. "Si imefunguka hiyo?" Nikamwambia, mdogo wangu, nimeomba ukurasa wa kioo, huu si wenyewe. Hapo ndipo akanipeleka kwa daktari wa macho. Mteja mmoja alicheka. Kisha kijana akaongeza kwamba nikitaka atanipigia Windows upya kwa elfu thelathini, kwa sababu waranti yao ya miezi mitatu ni ya vifaa, haihusu programu. Neno "programu" halikuwa kwenye risiti yangu, wala "vifaa". Imeandikwa "waranti miezi 3". Nimeitunza.

Nikafunga begi langu, nikarudi Morogoro.

Kuna kitu nimekuja kukijua baadaye kinachoniuma kuliko hata lile neno la macho. Kwenye mipangilio hiyo hiyo ya Windows 10 kuna sehemu nyingine kabisa inaitwa "Ease of Access". Ukiingia hapo, ukurasa wake wa kwanza una mstari wa kuvuta wa kukuza maandishi, kutoka asilimia 100 hadi 225. Ule kwangu ulikuwepo muda wote, haukufichwa. Haukuzi kila kitu kama ule wa Display, lakini ungenisaidia. Fundi anayeuza mashine kila siku, mteja analia maandishi madogo, anashindwa kusema, "Mama, tumia huku kwanza, lile tutalitafuta." Sentensi moja. Ingeokoa kadi 200.

Aliyeniponya ni binti aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi. Aliingia, "Shikamoo mama," akaniona nimeinama pua inagusa kioo, akauliza kwa upole kama anaweza kutazama. Sikuwa na moyo wa kumkubalia fundi mwingine, nilimwachia kiti kwa sababu ya ile salamu tu. Kwanza akafungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine, akaingia nayo, akajaribu ukurasa wa kioo. Haukufunguka. Akasema vizuri, basi kasoro haiko kwenye akaunti yangu, iko kwenye mashine nzima. Halafu akafungua ukurasa wa "Windows Update" akanionyesha mstari mwekundu ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuuwazia: "Some settings are managed by your organization." Yaani kuna taasisi inayosimamia mipangilio hii.

Taasisi gani? Duka langu lina mimi na mwanangu.

"Mama, hii mashine ilikuwa ya ofisi," akasema. Akanieleza kwamba ofisi kubwa huficha baadhi ya kurasa za mipangilio ili wafanyakazi wasichezee, na ukurasa ukishafichwa hivyo, kila njia ya kuuendea inakurudisha ukurasa wa mbele. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna sauti. Ndiyo maana sfc haikuona kitu: hakuna kilichoharibika. Mashine ilikuwa inatii amri ya mwajiri wake wa zamani.

Hatua alizozifanya nimeziandika kwenye daftari, naziweka hapa kama zilivyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, kubali. Shuka kwa mpangilio huu: HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, Explorer. Upande wa kulia tafuta jina SettingsPageVisibility. Kwangu lilikuwepo, na ndani yake kumeandikwa hide:display. Maneno mawili yaliyoshikana, ndiyo yaliyonipeleka Dar na kunirudisha. Kabla ya kugusa chochote, bonyeza folda hiyo ya Explorer, nenda "File", kisha "Export", uhifadhi nakala mahali. Binti alilisisitiza hilo mara mbili, maana ukifuta kisicho chako humo unaweza kuharibu mashine kweli. Kisha futa hilo jina moja tu, zima, washa. Kama huku halipo, tazama njia hiyo hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Na kama laptopu ni ya kazini kwako, iache. Waulize wenye ofisi, kwa sababu amri yao itajirudisha yenyewe.

Kama kwako mipangilio haifunguki kabisa, inawaka na kuzima, huo ni ugonjwa mwingine, na huko ndiko ile sfc inakofaa kuanzia.

Mashine ilipowaka, nikabonyeza Display settings. Ukaja. Nikaweka asilimia 150, maandishi yakatuna, nikasoma jina la faili lililoko kona ya kioo bila kuinama. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Binti alikataa hela. Nilimchapia barua yake na nakala zote za vyeti bure, akanishukuru yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia.

Baada ya hapo niliipenda laptopu hii, na nasema ukweli: betri inafika jioni, kibodi ni laini, haijawahi kuganda. Nilikuwa nimekusudia kuandika "msinunue hapo kamwe". Nikasita. Nikaona kosa huenda ni la kijana mmoja, na mwenye duka hajui. Nikampigia bosi mwenyewe. Alinisikiliza bila kunikatisha, akaniomba nimsomee ile njia tena polepole, nikamsikia anaandika. Akasema mashine zile zililetwa pamoja, nyingi, zote kutoka sehemu moja, na anadhani wateja wengine wamelalamikia hilo hilo. Alinishukuru. Nilipomtajia lile neno la kupima macho akasema, "Vijana hawa, mama, tuwasamehe." Yeye hakuomba radhi, lakini alikuwa na adabu, nami nikaridhika. Jioni ile ningewapa nyota tatu, pengine nne. Hata habari kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025, jambo ambalo duka halikunigusia wakati wa kuuza, nilikuwa tayari kuiacha ipite.

Wiki chache baadaye rafiki yangu mwenye saluni alinunua kwao laptopu ya aina ile ile. Mimi ndiye niliyemwelekeza. Alifika nayo kwangu na risiti yake nikaisoma kwa macho yangu haya haya: laptopu, bei yake, na chini yake mstari wa pili, "kufungua display, 15,000".

Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema fundi alimwambia mashine hizi zina kifungo cha kiwandani kwenye kioo, na kukifungua ni utaalamu maalumu, duka lao pekee ndilo linaloujua. Alikaa nayo chumba cha nyuma kama dakika tatu.

Njia ile nilimsomea bosi mimi, polepole, mara mbili, kwa vocha yangu. Ilitoka kwa binti asiye na kazi aliyekataa hata buku. Na mlango waliouuza umefungwa, sasa wanatoza kuufungua.

Nyota zile tatu nazifuta. Nyota moja, na hiyo moja ni ya betri. Ukinunua kwao na ukatajiwa elfu kumi na tano, usilipe. Regedit, Policies, Explorer, SettingsPageVisibility. Fungua hapo hapo kaunteni, mbele yao.