Farasi wa kwanza: mkubwa au kijana?
Kwa anayeanza kupanda farasi hapa Mikindani, mimi namchagulia wa miaka 12 hadi 15 kuliko wa miaka 4. Kijana anavutia kweli, manyoya yanang'aa, hatua nyepesi. Lakini bodaboda ikipita ghafla anaruka pembeni, na mpandaji ambaye bado hajajua kukaa sawasawa anajikuta mchangani. Mkubwa aliyefunzwa vizuri hugeuza masikio tu, akaendelea.

Bei? Kijana ambaye hajafunzwa huwa nafuu, ila gharama ya mkufunzi ni yako. Mkubwa mkague meno, kwato na miguu. Muuzaji ampande kwanza, ndipo nawe upande.

Yeyote utakayemchukua, usimpeleke porini upande wa Liwale: mbung'o huambukiza ugonjwa wa nagana, na nagana huua farasi.