Tela la boksi kwa kwadi mbili: uzoefu wangu hapa Minnesota

Mwaka juzi nilinunua tela la boksi, yaani lililozibwa pande zote na juu, la futi 7 kwa 14, ekseli mbili, la kubebea kwadi yangu na ya mke wangu. Bei ilikuwa dola 8,200 kabla ya kodi na usajili. Tangu hapo nimelivuta kwenye joto na kwenye theluji, limebeba kwadi, limebeba makochi ya watu, na limelala nje ya nyumba majira yote. Ni tela zuri, lina kasoro mbili, na sifa yake kubwa haimo kwenye vitu ambavyo muuzaji alikuwa akinionyesha siku ile kwenye yadi ya matela.

Kwadi ni zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watalii hukodishwa Nungwi na Diani. Huku Minnesota ni mchezo wa familia. Sisi tunakaa Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, na tukipata wikiendi tunapanda kaskazini kwa barabara kuu ya I-35 hadi Cloquet, tunashika barabara ya 33 kisha ya 53, mpaka Gilbert. Kule kuna eneo la jimbo la kuendeshea magari ya porini lililojengwa kwenye migodi ya zamani ya chuma. Vumbi lake ni jekundu kama la Iringa wakati wa kiangazi, na halitoki kwenye nguo kwa kufua mara moja.

Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia tela la wazi. Kwa mtu anayekaa jimbo la joto kama Arizona sina sababu ya kumshauri aliache: ni jepesi, bei yake ni robo ya hili, na kupakia ni dakika chache. Hapa kwetu tatizo ni chumvi. Kuanzia Novemba barabara zinamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, gari la mbele linairusha nyuma, na kwadi inafika msituni imeshapakwa maji ya chumvi kila kona. Nati na waya za umeme ndizo zinazoanza kuliwa. Halafu kuna wizi. Ukisimama kula Hinckley, mji wa njiani, na kwadi mbili ziko wazi nyuma ya pikapu, chakula hakipiti.

Nikaanza kuzunguka yadi. Kitu cha kwanza ambacho kila mtu anauliza ni urefu, na hapo hesabu ni rahisi. Kwadi ya mtu mzima ina urefu wa karibu inchi 83 na upana wa karibu inchi 48. Mbili zikifuatana ni inchi 166. Futi 14 ni inchi 168, na ukiongeza ile pua ya mbele yenye umbo la V unapata nafasi ya kofia, jeki na masanduku ya vifaa. Wauzaji wawili walinishawishi nichukue la futi 12 kwa hoja kwamba pua ya V inaongeza futi mbili. Inaongeza kweli, lakini kwenye ncha, ambako kwadi yenye upana wa inchi 48 haiwezi kuingiza hata taa. Mlango wa nyuma haufungi.

Niliangalia pia la futi 8 na nusu kwa upana, nikidhani kwadi zitakaa ubavu kwa ubavu. Matela ya upana huo yanakaa juu ya magurudumu, kwa hiyo ndani kuna visanduku viwili vya magurudumu vinavyobana sakafu katikati. La futi 7 magurudumu yake yako nje, sakafu ni tambarare ukuta hadi ukuta. Nikabaki na futi 7.

Sasa tuje kwenye uzito, maana ndiko ninakoona watu wengi wakiuziwa tela lisilowafaa. Kila tela hapa Marekani lina kibandiko cha kiwanda ubavuni upande wa kushoto, nusu ya mbele. Tafuta herufi GVWR. Huo ndio uzito wa juu unaoruhusiwa, tela na mzigo wake kwa pamoja. Utakutana na matela mengi sana ya ekseli moja yaliyoandikwa pauni 2,990. Namba hiyo haikutoka hewani. Hapa Minnesota, tela la kuanzia pauni 3,000 lazima liwe na breki zake lenyewe, na majimbo mengi yanaweka mpaka palepale. Tena kwetu lisilozidi 3,000 linasajiliwa mara moja, basi. Kwa hiyo kiwanda kinaandika 2,990, bei inashuka, mteja anafurahi.

Chukua kalamu. Tela la ekseli moja la futi 7 kwa 14 nililolipenda kwa rangi lilikuwa na uzito wa pauni 1,700 likiwa tupu. Toa kwenye 2,990, zinabaki 1,290. Kwadi zetu mbili, zikiwa na mafuta, ni pauni 1,440. Yaani tela lile, ambalo kwa urefu linaziingiza vizuri kabisa, halina ruhusa ya kuzibeba. Bado hujapakia dumu la petroli wala kisanduku cha barafu. Muuzaji alikuwa akinihesabia taa za ndani na rangi ya milango huku kibandiko kiko mkono mmoja kutoka alipoegemea.

La ekseli mbili ni pauni 7,000. Langu tupu ni 2,140, kwa hiyo ninazo karibu 4,860 za mzigo na breki kwenye magurudumu yote manne. Linagharimu zaidi, matairi ni manne ya kubadilisha, na pikapu lazima iwe na kidhibiti cha breki cha umeme na soketi ya pini saba. Ya kwangu, F-150, ilikuja navyo. Kama gari lako lina ile soketi bapa ya pini nne tu, fahamu kwamba hiyo ni ya taa, haipeleki umeme kwenye breki, na fundi wa kukufungia mfumo mzima atataka pesa yake.

Siku ya kwenda kukagua nilimchukua shemeji. Huyu bwana Mbeya alikuwa akichomelea bodi za malori, na tela halitazami kutoka juu. Alitandika boksi la karatasi chini, akaingia uvunguni na tochi, mimi nikabaki nasikia anagonga vyuma. Kwenye tela la kwanza alipima nafasi kati ya vyuma vinavyobeba sakafu akakuta inchi 24. La pili 16, yaani sakafu imeshikwa vizuri zaidi. Akanionyesha pia pete za kufungia mikanda. Kwa juu zote zinafanana, pete inang'aa, imekaa kwenye kikombe chake. Kwa chini, tela la kwanza lilikuwa na ncha nne za skrubu zilizochungulia kwenye plaiwudi, basi. La pili lilikuwa na boliti zimepenya, na chini yake bamba la chuma limechomelewa kwenye fremu.

"Shemu, ile ya kule imeshika mbao tu," akasema akiwa bado amelala chini. "Siku ukikanyaga breki ya ghafla, kwadi inakuja na pete yake mpaka mgongoni kwako."

Tela la pili ndilo nililonunua. Muuzaji hakulitaja jambo la pete hata kidogo, na sidhani kama alikuwa anaficha. Hakuwahi kulala chini yake.

Matela mengi ya boksi unayoyaona nchi hii yanatoka Elkhart na vitongoji vyake, Indiana, au kusini mwa jimbo la Georgia. Utasikia watu wakiapa kwamba ya Georgia ni ya bei rahisi na hayadumu. Mimi nimeona ya pande zote mbili yaliyotengenezwa vizuri na yaliyolipuliwa. Uliza unene wa bati la aluminiamu la ukutani: la inchi 0.030 linavumilia kuliko la 0.024, ambalo ukiliegemea kwa kiwiko linabonyea. Uliza kama paa ni bati moja zima lisilo na maungio. Uliza plaiwudi ya sakafu. Robo tatu ya inchi ndiyo inayofaa kwa kwadi.

Kuhusu ekseli kuna ubishi usioisha. Zipo za springi za kawaida, zile bamba za chuma zilizopangana, na zipo ambazo ndani ya bomba la ekseli mna kamba nene za mpira zinazobanwa gurudumu likipanda. Za mpira zinatembea kwa ulaini na tela linakaa chini kidogo, kwa hiyo rampu ya kupakilia haiwi kali. Mimi nilichukua za springi. Zikikatika Gilbert siku ya Jumapili, mtu yeyote mwenye jeki na nyundo anaweza kunisaidia. Ya mpira ikichoka, unabadilisha ekseli nzima.

Mlango wa nyuma ni rampu inayoshuka, ina springi juu na waya wa chuma kila upande, mke wangu anaifungua kwa mkono mmoja. Mwishoni ina kibamba cha nyongeza kinachopunguza ule mkunjo wa kuingilia, bila hicho tumbo la kwadi linakwaruza. Ndani kuna kimo cha futi 6 na inchi 6. Usiende chini ya hapo, maana unaingia umekaa juu ya kwadi, na utainama tu hata hivyo. Na hakikisha lina mlango wa ubavuni. Ukishaingiza kwadi ya pili na kufunga mikanda, huna njia nyingine ya kutoka isipokuwa kupanda juu ya viti kama mwizi.

Wakati wa baridi rampu ni hatari. Theluji ya kwenye matairi inayeyuka, inaganda usiku juu ya plaiwudi, asubuhi unateleza na pauni 700 mkononi. Nilipaka rangi iliyochanganywa na mchanga, na tangu hapo matairi yanashika.

Barabarani tela hili limenishangaza kwa utulivu, ila hilo linategemea upakiaji. Kwadi nzito inatangulia mbele, nyepesi inafuata, madumu na vifaa puani. Nilipita kwenye mizani ya malori nikiwa nimejaza kila kitu: tela zima pauni 4,060, na zilizokuwa zimelalia boli ya pikapu, ile tufe ya chuma inayoshika tela, ni 480. Hiyo ni karibu asilimia 12, na kinachotakiwa ni kati ya 10 na 15. Ikipungua chini ya 10, tela linaanza kutikisa mkia kila lori linapokupita, na ukikanyaga breki ya pikapu unazidisha. Hesabu pia upepo. Boksi la ukubwa huu ni ukuta unaotembea; pikapu yangu inayokwenda maili 20 kwa galoni ikiwa peke yake inashuka hadi 11. Matairi mengi ya tela, yale yenye herufi ST, yasipokuwa na alama ya kasi ubavuni yamekadiriwa kwa maili 65 kwa saa, na I-35 watu wanakwenda 75. Mimi nakaa kulia, wanipite.

Kasoro sasa. Mvua kubwa ya kwanza maji yaliingia. Si kupitia paa, bali kupitia taa ndogo za rangi ya machungwa zilizo juu mbele, ambako kiwandani walitoboa matundu ya waya wakaweka silikoni ya kubania. Nilipopiga simu niliambiwa nilirudishe kwenye yadi, nisubiri foleni ya wiki kadhaa. Niling'oa zile taa, nikasafisha, nikaziba upya, kazi ya mchana mmoja. Kasoro ya pili ni jasho. Ukiingiza kwadi zenye theluji na kufunga milango, unyevu unapanda kwenye bati la paa na asubuhi kunanyesha ndani. Dari lenye sponji ya kuzuia joto lingemaliza hilo, nalo lilikuwa kwenye orodha ya nyongeza. Kwa anayenunua wa hali ya hewa yetu, bora aache taa za urembo alipie dari. Matundu ya hewa ya ubavuni yasiache kuwepo kwa vyovyote, kwa sababu ya mvuke wa petroli, na injini isiachwe ikinguruma ndani hata kwa dakika.

Kitu ambacho hakuna muuzaji anayekuambia ni kwamba ukiwa na tela la boksi Brooklyn Park umekuwa mali ya jumuiya. Kila mwisho wa mwezi kuna anayehama nyumba. Harusi ina viti na masufuria. Msiba una mahema. "Kaka, ni hapa karibu tu." Sikatai, ila nalivuta mwenyewe, kwa sababu bima yangu na maelewano yetu ni vitu viwili tofauti. Makochi, kwa kweli, hayajawahi kunisumbua kama kwadi: hayana petroli na hayahitaji pete.

Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya maili 50 za kwanza. Zangu mbili zilikuwa zimelegea. Kagua betri ndogo ya breki za dharura iliyo shingoni mwa tela, ile inayofunga magurudumu tela likichomoka, maana isiyochajiwa haisaidii kitu. Na gurudumu la akiba halimo kwenye bei, hata kama kwenye picha ya yadi unaliona limening'inia. Liulizie kabla ya kusaini, hapo bado wana hamu ya kukupunguzia.