Diski za Western Bulldogs 2016: uzoefu wangu

Naishi Footscray, magharibi mwa Melbourne, mwaka wa sita sasa. Huku nyekundu, nyeupe na buluu za Western Bulldogs, klabu ya futiboli ya Australia, zimetapakaa kila kona, lakini mchezo wenyewe ulikuwa unanipita. Mwezi uliopita nikakuta kwenye duka la mitumba diski za mechi zao nne za mtoano za 2016. Nikazibeba.

Ukizikuta, chukua zote nne. Fainali peke yake haitakuonyesha walikotoka. Walimaliza msimu nafasi ya saba, nahodha wao Bob Murphy akiwa ameumia goti tangu mwanzoni. Wakaenda Perth wakawachapa West Coast kwa tofauti ya pointi 47, kisha wakawatoa Hawthorn, mabingwa mara tatu mfululizo. Ninayoipenda kuliko zote ni ya tatu, dhidi ya GWS (Greater Western Sydney) kwao Sydney: wamepita kwa pointi 6, yaani goli moja tu! Dakika za mwisho nilizitazama nimesimama.

Diski hiyohiyo ina mikwaruzo, picha inakwama robo ya tatu ya mchezo, na muuzaji hakunitahadharisha. Ikague kwanza. Watangazaji nao wanakwenda mbio, kwa hiyo mgeni ashike hili: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni 1.

Fainali dhidi ya Sydney Swans ilikuwa uwanja wa MCG, Melbourne, 1 Oktoba, watazamaji 99,981. Aliir Aliir wa Swans, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, hayumo, goti lilimnyima. Nilitamani sana kumwona. Robo ya mwisho ya mchezo Dale Morris wa Bulldogs akamkaba Lance Franklin wa Swans, mpira ukachomoka, Tom Boyd wa Bulldogs akaupiga kutoka mbali mno. Ukadunda, ukadunda, ukaingia. Hapo nimerudisha nyuma mara kumi. Mwisho 89 kwa 67, ubingwa wa kwanza tangu 1954, enzi klabu ikiitwa Footscray.

Jirani yangu, mzee wa hapahapa, alikuwa mtoto mwaka huo. Nilimkaribisha tukaangalia pamoja. Kocha Luke Beveridge alipomwita Murphy jukwaani akamvisha medali yake mwenyewe, mzee alinishika mkono asiseme neno. Jumamosi anakuja tena, tunaanza na ile ya Perth.