Kibanda Umiza kama Mahali pa Kumtafuta Mtazamaji wa Filamu ya Kutisha

Mwanafunzi wa filamu akiulizwa mlengwa wake ni nani, mara nyingi jibu analo tayari: vijana wa miaka 18 hadi 25, wa mjini, wenye simu janja. Sisi nasi tuliandika hivyo hivyo katika andiko la filamu yetu fupi ya kutisha, ya dakika 14, kabla hatujazungumza na kijana hata mmoja. Huduma ninayoieleza hapa ndiyo iliyotufanya tulifute jibu hilo: tulikodi kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuoneshea filamu na mpira, kimoja cha Temeke, Dar es Salaam, kwa saa tatu za mchana wa siku ya kazi, tukawaonesha watu filamu ikiwa bado haijakamilika kuhaririwa, nasi tukawatazama wao.

Tulikuwa tumeanza na fomu ya mtandaoni ya Google Forms, na sina sababu ya kuibeza. Ni ya bure, inapokea maswali ya kuchagua na ya mizani, inaweza kumpeleka mjibuji kwenye sehemu nyingine kulingana na jibu lake, na chati inazichora yenyewe. Kosa lilikuwa letu: tuliisambaza katika makundi ya WhatsApp ya wanachuo wenzetu, kwa hiyo waliojibu ni wanachuo wenzetu. Tena, swali la "unaogopa nini?" likiulizwa kupitia simu, saa sita mchana, hujibiwa na mtu ambaye wakati huo haogopi kitu. Wengi walitaja damu, mizimu na sura za kutisha. Tuliwaamini, tukatumia sehemu kubwa ya fedha zetu kutengeneza kinyago.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, kina mabenchi saba ya mbao, televisheni moja kubwa, spika mbili, na nje kuna ubao unaoandikwa kwa chaki mechi za siku. Tulilipa shilingi 40,000, umeme ukiwa ndani yake pamoja na kijana wa kuendesha mitambo. Mwenye kibanda alituruhusu kuweka kamera ndogo chini ya televisheni ikielekea mabenchi, baada ya kila mwalikwa kuridhia kurekodiwa, na ruhusa hiyo peke yake inatosha kuhalalisha gharama. Kwa kuwa filamu ya kuoneshwa kwa umma hupitiwa na Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, nasi hatukuwa tumefika hatua hiyo, hatukutoza kiingilio wala kuruhusu wapita njia. Tuliwaalika watu 24 kwa majina, wote watu wazima: waendesha bodaboda, mafundi cherehani, wauza genge, mama lishe wawili na wanafunzi wachache.

Kinyago kilipotokea, katika dakika ya nne, vijana walicheka. Katika dakika ya tisa kuna binti anayeosha vyombo uani usiku, akasikia sauti ya mama yake ikipiga hodi mlango wa nje, ilhali mama huyo tumekwisha kumwona amelala chumbani. Hapo fundi cherehani mmoja wa benchi la pili aliacha kutafuna karanga, mkono wake ukabaki hewani hadi tukio likaisha. Mama lishe aliyekuwa nyuma yake akasema kwa sauti, "Usiitike, mwanangu, usiitike!" na benchi zima likamuunga mkono. Waliolelewa kwa kuonywa kwamba ukiitwa usiku usiitike mara ya kwanza hawakuhitaji maelezo yoyote kutoka kwetu.

Kwingineko kelele hizo zingehesabiwa kuwa usumbufu, lakini kwetu zilikuwa ndizo data zenyewe. Vibanda vyetu vimelelewa na wafasiri wa filamu, akiwemo marehemu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambao sauti zao zilipita juu ya filamu za kigeni zikieleza, zikikosoa na kuongeza chumvi. Mtazamaji wa kibanda hakuzoeshwa kukaa kimya mbele ya skrini. Tulipowahoji mmoja mmoja baadaye, wanawake waliovuka miaka thelathini, ambao tuliwaalika ili kukamilisha idadi tu, ndio walioweza kuisimulia hadithi kwa mpangilio, na kutukosoa pale ambapo binti alifanya jambo ambalo binti wa uswahilini asingelifanya. Vijana walituuliza kinyago kimetengenezwaje.

Kasoro zipo, na kwa filamu ya kutisha si ndogo. Mwanga wa mchana ulipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, matukio mawili ya gizani hayakuonekana kabisa. Spika zimerekebishwa kwa ajili ya mpira, zikapeleka mngurumo mbele na kumeza minong'ono. Umeme ulipokatika, jenereta liliwashwa hatua chache kutoka mlangoni, na dakika zetu za ukimya zikaharibika. Ilibidi turudie sehemu hiyo, na hofu ya mara ya pili haipimiki tena. Anayekusudia kukodi aulize kwanza jenereta linakaa wapi, na aende na spika yake.

Hata hivyo, kwa fedha ile sijaona njia nyingine ya kumpata mtazamaji akiwa anaogopa kweli. Tumekwisha kulipia siku nyingine, saa mbili usiku, jioni isiyo na mechi. Waalikwa safari hii ni akina mama wa rika lile pamoja na mabinti zao, na kinyago tumekiondoa.