Kabla hujanunua saksafoni, bonyeza G shapu

Jumamosi moja ukumbini Kirumba maharusi wanaingia, gitaa limeanza kwa C, mimi na saksafoni yangu ya alto ya laki tisa naitafuta G shapu, noti iliyo nusu hatua juu ya G. Inatoka G. Nakandamiza zaidi: G. MC akanitazama kama nimelewa.

Niliinunua mtumba, hapa hapa Mwanza. Muuzaji alinikataza kuipuliza, eti mate yataingia. Nikanunua mng'ao, ujinga wangu.

Mnaoniuliza mnunue ipi mnaulizia sauti na rangi. Sauti mtaihangaikia baadaye kwa ridi, kile kijiti chembamba kinachotetema, na kipande cha mdomoni. Mimi naangalia pedi moja tu, ile ngozi iliyo chini ya kifuniko inayoziba tundu. Vifuniko vingi vya saksafoni hukaa wazi, ukibonyeza vinafunga. Cha G shapu hukaa kimefungwa, na kidole chako kidogo cha kushoto hakikiinui. Kinaondoa tu mkono wa chuma unaokikandamiza, kisha springi dhaifu ndiyo ikiinue. Ngozi ya pedi ikinata kwa unyevu wa pumzi na sukari ya soda, bonyeza mpaka kidole kife ganzi, hakifunguki. Na mpiga alto haikwepi: gitaa likiwa C, G, D, A au E, G shapu imo kwenye skeli yako, maana alto huziita noti majina tofauti na gitaa. Ukipata wimbo wa F, shukuru.

Namba moja kwangu ni Yamaha YAS-280, na sifichi kwamba naipendelea. Vitufe vyepesi, noti inaitika hata pumzi ikiwa ndogo, na B flati ya chini, noti ya chini kabisa, inatoka bila kukabana nayo. Watu wa jazi husema sauti yake imenyooka mno. Sawa, lakini ibada ya saa moja asubuhi nataka noti itoke, basi.

Yanagisawa naiweka ya pili. Vidole vinateleza kama vimepakwa mafuta, ila bei yake ukiisikia unakaa kwanza.

Ya tatu ni Selmer Mark VI, ile ya Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka 1954. Inaibania pumzi kidogo, lakini ukiizoea unaipinda noti upendavyo. Tatizo ni uzee: pedi zikiwa zimekauka, fundi wa kuzibadilisha utamtafuta mji mzima. Springi yangu mimi alinitengenezea fundi saa.

Zile za bei rahisi zisizo na jina, vitufe vinapinda. Tuendelee.

Dukani, shika G, bonyeza G shapu polepole bila kupuliza, jicho kwenye kifuniko. Kiruke chenyewe. Halafu ipulize robo saa, ifungie kwenye sanduku lake, kanywe chai, rudi ujaribu tena. Hapo ndipo inapojisema. Muuzaji akikataa, mwachie saksafoni yake.

Nao wauzaji! Ukitaja tu kwamba ni ya kanisa, bei inapanda, wanajua kuna harambee. Kisha wanakutupia glavu nyeupe na kitambaa, "zawadi, dada." Glavu za nini? Mwambie akupe ridi tano.

Yangu bado ninayo, nani ataninunulia? Kila Jumamosi jioni naingiza karatasi ya kusokotea sigara chini ya ile pedi, naibana taratibu inyonye unyevu, naitoa. Mangi wa dukani kwetu bado hajaelewa mwanakwaya na karatasi za sigara wapi na wapi.