Ukitaka kusema neno kuhusu mswada huko Texas, Marekani: simu kwa mbunge wako wa bunge la jimbo, au safari ya Austin, mji mkuu wake, ukatoe ushahidi mbele ya kamati ya bunge?

Bunge la Texas hukutana kwa kawaida miaka ya witiri tu, kama 2025 na 2027, tena siku zisizozidi 140. Ukichelewa, imekula kwako.

Simu ni rahisi: msaidizi anapokea, anauliza unaishi wapi, anaandika kama unaunga mkono au unapinga mswada. Umeshahesabiwa, basi.

Kamati ni shughuli nyingine. Unajiandikisha, unakaa kwenye benchi pengine hadi usiku (beba chakula), kisha unapewa dakika chache. Lakini hapo mbunge anakutazama usoni, anaweza kukuuliza swali, na ushahidi wako unabaki kwenye kumbukumbu. Kwa mswada unaonigusa nyumbani, ningesafiri. Mingine yote, simu inatosha.