Kuwekewa miksi yako kwenye flashi Ngamiani: lipia orodha, kataa folda

Kwa anayetaka nyimbo anazozirudia wiki hii zikae pamoja, azisikilize kwenye sabufa nyumbani au amgawie rafiki mwenye bajaji, vibanda vya kuweka nyimbo vya Ngamiani, Tanga, bado vinafaa sana. Pale huuzwa vitu viwili, na kimoja tu ndicho kinachostahili pesa yako.

Folda iliyokwisha kupangwa, ya zilipendwa au taarabu mchanganyiko, iache. Wimbo mmoja unaukuta mara tatu kwa majina tofauti, mwingine umekatika kabla haujaisha, na nyingi zina sauti ya mtu anayetangaza tovuti juu ya utangulizi. Kwa taarabu hilo ni hasara kubwa, maana utangulizi wa fidla na akodioni ni nusu ya utamu wenyewe.

Nenda na orodha uliyoiandika: jina la wimbo, la mwimbaji na la bendi. Fundi mzuri utamjua hapo hapo. Ukimtajia Jamhuri Jazz au Atomic, bendi za hapa hapa Tanga, hataishia kukuuliza kama ni za Kongo. Ukimtajia Lucky Star, kundi la taarabu la Tanga, atakuuliza kama unamtaka mwimbaji Shakila, na Black Star, kundi jingine la taarabu la Tanga, hataichanganya nayo. Ukikuta fundi wa namna hiyo, hata bei yake ikizidi ya jirani, mlipe. Bei hutegemea idadi ya nyimbo au ukubwa wa flashi, kwa hiyo patana kabla hajawasha kompyuta.

Usishawishiwe kununua flashi kubwa. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama megabaiti 10, hivyo nyimbo 200 hazifiki gigabaiti 2. Gigabaiti 8 zinatosha na kubaki. Kuanzia gigabaiti 64, memori kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kuhifadhi faili uitwao exFAT, ambao redio nyingi za bei nafuu haziusomi, na hapo utaambiwa kadi ni mbovu kumbe ni nzima. Mwambie aifomati kwa mfumo wa FAT32, ambao redio hizo huusoma.

Uliza faili asili lina ubora gani. Lililotoka na kilobiti 128 halirudishiwi kitu kwa kugeuzwa kuwa 320. Linanenepa tu, matoazi yanabaki yakichakarika vile vile.

Panapoharibu miksi nyingi ni usawa wa sauti. Rekodi za zamani ziko chini, singeli na bongo fleva za sasa zimepandishwa mpaka ukingoni. Ukiziweka jirani, mkono hautoki kwenye kitufe cha sauti. Fundi akitaka kuzipandisha za zamani, mkatalie: zikizidi kipimo zinapasuka. Ashushe mpya. Programu ya MP3Gain hufanya hivyo bila kulibana faili upya, na desibeli 89 inayokuja nayo ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Mpangilio nao una mtego. Redio nyingi za gari na sabufa hazifuati alfabeti. Hufuata faili lipi liliandikwa kwanza kwenye flashi. Kwa hiyo namba 01, 02, 03 mwanzoni mwa majina hazitoshi peke yake: flashi iwe tupu, na nyimbo ziingizwe kwa mfuatano huo huo. Ukifuta moja baadaye na kuongeza nyingine, mpya inaweza kuchukua nafasi ya iliyofutwa, katikati kabisa. Ni afadhali kufomati na kunakili zote upya.

Katika kupanga, Jamhuri Jazz ifuatwe na Simba Wanyika. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipita Jamhuri kabla ya kuanzisha Simba Wanyika Kenya mwaka 1971, na magitaa yanapokezana bila mshtuko. Kisha Black Star na Lucky Star, ambao taarabu yao ilikuwa na gitaa na besi, ndio daraja la kukufikisha kwenye taarabu ya waimbaji wa sasa. Hizo za sasa, zinazovuka dakika 10, mbili zinatosha kwa kila nyimbo 15. Singeli weka mwisho. Baada ya kasi ile hakuna wimbo wa taratibu unaosikika.

Kwa wasanii walio hai wanaouza kazi zao mtandaoni, nunua kwao kisha mpelekee fundi faili akupangie. Kazi ya kupanga ndiyo unayomlipa.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe achomeke flashi kwenye sabufa ya kibandani, si kwenye kompyuta. Sikiliza sekunde 15 za mwanzo na za mwisho za kila wimbo, halafu ruka kutoka wa zamani kwenda mpya bila kugusa sauti. Na aitoe kwenye kompyuta kwa utaratibu wake: ikichomolewa wakati bado inaandika, nyimbo za mwisho zinaweza kupotea.